Mwani Sumbufu Katika Tangi la Matumbawe: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua Dawa

Anayefuga matumbawe nyumbani huanza kwa gharama kubwa. Kioo, taa, pampu, chumvi, mawe na wanyama wenyewe humtoa fedha nyingi kabla hajaona uzuri wowote. Ndiyo maana siku anapoamka na kukuta mawe yake yameota manyoya ya kijani, au mchanga umefunikwa na utando mwekundu unaoteleza, jambo la kwanza analolifanya ni kurudi dukani kuulizia dawa. Dawa haikosekani, kwani penye hofu hapakosi mwenye kuuza. Makala haya yanaeleza kwa nini chupa hiyo mara nyingi haimsaidii mnunuzi, na fedha zake zielekezwe wapi badala yake.

Tuchukue mfano wa jambo linalotokea mara kwa mara. Mwenye tangi anamimina dawa jioni. Siku ya pili mwani umefifia; siku ya tatu mawe ni meupe, naye anaisifu dawa. Siku ya nne samaki wanapumua juu juu karibu na uso wa maji, na konokono wameanguka kutoka kwenye kioo. Mwani uliokufa umeoza humo humo ndani, umetumia oksijeni, na umeyarudishia maji chakula chote ulichokuwa umekihifadhi mwilini mwake. Baada ya wiki chache mwani unaota tena, mnene kuliko ule wa kwanza, na chupa ya pili inanunuliwa. Katika mfano huu dawa haikuwa bandia. Ilifanya kazi iliyotajwa kwenye lebo yake, yaani kuua mwani. Haikugusa kile kilichoulisha mwani huo.

Mwani unaishi kwa nini

Wakulima wa Paje na Jambiani, Unguja, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989, wanajua vema mahitaji ya mmea huu: mwanga wa jua, maji yanayotembea, na virutubisho vilivyoyeyuka ndani ya maji. Mwani wa tangini ni jamaa wa mbali wa ule wa shambani, lakini mahitaji yake ni yale yale. Tofauti ni kwamba mkulima anautaka, nasi hatuutaki.

Virutubisho vinavyohusika hasa ni nitrati na fosfati. Chanzo chake ni chakula cha samaki, kinyesi chao, viumbe vilivyokufa vikaoza, na mara nyingi sana maji yenyewe tunayoyatia. Katika mwamba wa matumbawe baharini, virutubisho hivyo ni haba mno katika maji, na kila chipukizi la mwani linapojitokeza huliwa na kangaja, tasi, konokono na wale wanyama wa duara wenye miiba wanaowachoma waogeleaji. Huko bahari inaosha na walaji wanafyeka mchana na usiku. Nyumbani tuna lita 200 za maji, samaki watano wanaolishwa mara mbili kwa siku, na konokono kumi. Kwa hiyo mwani kuota si ajabu wala si aibu. Tangi lisilo na mwani hata kidogo halipo, na muuzaji anayeahidi tangi la namna hiyo anaahidi jambo lisilowezekana.

Kinachotakiwa ni mwani uwe mchache kiasi cha kuwaachia matumbawe nafasi. Mwani ukizidi, huyafunika matumbawe, huyakwaruza kila maji yanapoutikisa, na huyanyima mwanga. Tumbawe lililozingirwa hukunja mikono yake midogo, hupauka, na hatimaye hufa kuanzia kwenye kingo. Hasara hiyo hairejeshwi na duka.

Tambua kwanza unachokiona

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, simama mbele ya kioo na utazame vizuri, kwa sababu vitu vingi vinavyoitwa mwani si kitu kimoja.

Vumbi la rangi ya kahawia linalotanda juu ya mchanga na kioo katika wiki za mwanzo za tangi jipya ni diatomu, viumbe vidogo sana vinavyojijengea ganda kwa silika iliyomo majini. Silika inapopungua, vumbi hilo hutoweka lenyewe. Hapa dawa inayohitajika ni subira, na mnunuzi mgeni ndiye anayeuziwa chupa nyingi zaidi katika wiki hizo hizo. Ukungu wa kijani juu ya kioo nao ni jambo la kawaida. Sumaku ya kusugulia kioo inatosha.

Nyuzi za kijani zinazofanana na nywele, zinazong'oka kwa vidole, ni dalili ya fosfati na nitrati kuzidi. Huu ndio mwani unaowasumbua wengi, na sehemu kubwa ya makala haya inauhusu. Upo pia ule unaofanana na unyoya mdogo wenye matawi pande mbili. Huo ni mgumu zaidi, hung'oka kwa shida na huchipua tena kutoka kwenye mabaki.

Vipovu vya kijani vinavyong'aa kama shanga, vilivyoshikamana na jiwe, vitolewe kimoja kimoja kwa ncha ya kisu au kwa kuchota. Wafugaji wengi huepuka kuvipasua ndani ya tangi. Njia nzuri ni kulitoa jiwe, kulifanyia kazi ndani ya ndoo ya maji ya tangi, na kuyamwaga maji hayo.

Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama karatasi iliyolowa si mwani kabisa. Ni bakteria waitwao sianobakteria. Hupenda mahali ambapo maji yamelala na takataka zimejikusanya, yaani nyuma ya mawe na kwenye pembe za mchanga. Ufyonze kwa mpira, geuza pampu ili maji yapite pale, na mara nyingi utando hupungua bila kununua chochote.

Mwisho kuna makamasi ya kahawia yenye nyuzi na vipovu vya hewa, ambayo mchana huwa mengi na usiku hupungua. Hayo huenda yakawa dinoflagelati. Baadhi yao hutoa sumu inayowaua konokono wanaowala, na kwa kawaida hushamiri katika matangi ambayo mwenyewe ameondoa nitrati na fosfati hadi sifuri. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu aliyesikia kwamba virutubisho ni adui, akanunua kila kitu cha kuviondoa, anaweza kujiletea balaa kubwa kuliko lile alilokuwa akilikimbia. Matumbawe nayo yanahitaji virutubisho kidogo. Wafugaji wengi hulenga nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita.

Maji unayoyatia

Hapa ndipo fedha za mlaji zinapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuwa salama kabisa kwa kunywa na bado yakawa mbolea kwa mwani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Maji yenye miligramu 20, chini ya nusu ya kiwango hicho, hayamdhuru mnywaji. Sasa tuyapeleke kwenye tangi la lita 200. Kila siku maji kiasi fulani hupotea kwa mvuke. Tuseme ni lita 3. Mvuke unaoondoka ni maji matupu, na kila kilichoyeyuka hubaki nyuma. Ukijazia lita 3 za maji ya bomba kila siku, kwa siku 30 umetia lita 90 zenye jumla ya miligramu 1,800 za nitrati. Gawanya kwa lita 200: tangi limepanda kwa miligramu 9 kwa lita katika mwezi mmoja, hata kama hukulisha samaki hata punje moja. Mwezi wa pili ni vivyo hivyo.

Visima vya mijini vilivyo karibu na vyoo vya shimo mara nyingi huwa na nitrati nyingi. Visima vya maeneo yenye miamba ya volkano huweza kuwa na silika nyingi, chakula cha diatomu. Kuchemsha maji hakuondoi nitrati wala fosfati. Huzizidisha, kwa kuwa maji hupungua nazo hubaki. Kuyalaza maji usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi hupunguza klorini, lakini virutubisho hubaki vile vile. Maji ya chupa ya kunywa pia si jibu, kwani mengi yana madini, na baadhi ya viwanda huyaongeza kwa makusudi ili kuyapa ladha.

Kinachosaidia ni maji yaliyopitishwa kwa shinikizo kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, kisha kwenye chembechembe zinazonasa mabaki ya chumvi. Wauzaji huyaita maji ya RO. Ukinunua mtambo wake, uliza bei ya vichujio vya kubadilisha na mahali vinapopatikana, kwa sababu mtambo usio na vipuri ni pambo. Fahamu pia kwamba kwa kila lita moja ya maji safi, mitambo ya nyumbani humwaga lita kadhaa. Yakinge kwenye pipa, yatafaa kwa kufulia na kumwagilia. Ikiwa unayanunua maji hayo kwa dumu kutoka kwa muuzaji, jipatie kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka. Ukikitumbukiza katika maji yaliyochujwa vizuri, kitasoma sifuri au karibu yake. Kikisoma 150, unauziwa maji ya bomba ndani ya dumu jipya.

Wakazi wa pwani wana bahari mlangoni, na wengi huuliza kwa nini wasichote tu. Wanaweza, kwa masharti. Maji yachotwe wakati bahari inajaa, mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito, na yasichotwe katika masika wala siku chache baada ya mvua kubwa, kwa sababu mito hushusha baharini udongo, mbolea na maji machafu ya mji. Anayechota karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, anabeba uchafu wa mji mzima hadi sebuleni kwake. Yachujwe kwa kitambaa safi, yahifadhiwe katika madumu ya plastiki yaliyofunikwa, gizani, na yapimwe kabla ya kutumiwa kama yanavyopimwa maji mengine.

Kubadilisha maji ya tangi ni tiba ya kweli, ila ina hesabu yake. Ukibadilisha asilimia 10, nitrati hupungua kwa asilimia 10 tu: kutoka 40 hadi 36, kisha 32.4, na kuendelea. Ili kushuka chini ya 10 utahitaji mara 14, na hapo tumedhani kwamba hakuna nitrati mpya inayoingia. Mtu asiyeijua hesabu hii hubadilisha maji mara mbili, akaona mwani uko pale pale, akaamua kwamba njia hiyo haifai.

Kupima, kulisha na kuwasha taa

Vipimo viwili ni vya lazima, cha nitrati na cha fosfati. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Vipimo vilivyopitwa na wakati vimo madukani, nasi tunaona kumuuzia mtu kipimo kisichopima ni vibaya kuliko kumnyima. Kuna mtego mwingine ambao si kosa la muuzaji. Tangi lililojaa mwani huweza kuonyesha fosfati sifuri, kwa sababu mwani umeimeza yote. Ukiona manyoya ya kijani mawe yote na kipimo kinasema sifuri, usikitupe kipimo wala usiamini kwamba hakuna fosfati. Iko ndani ya mwani unaoutazama. Mawe nayo, kwa kuwa ni ya chokaa, hufyonza fosfati kwa miezi na kuiachia polepole pindi maji yanapokuwa safi, ndiyo maana mapambano haya huchukua miezi mitatu au minne hata kwa anayefanya kila kitu sawasawa.

Kwa upande wa chakula, toa kiasi ambacho samaki watakimaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe kwanza kwenye chujio na umwage maji yake. Taa ziwashwe kwa saa 8 hadi 10, na tangi lisikae mahali panapopigwa na jua la dirishani. Mashine ya kuengua povu, kwa wale walio nayo, isafishwe shingo yake kila baada ya siku chache, maana ikiziba kwa mafuta na utelezi huacha kuengua.

Kazi ya mikono ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwani unaoung'oa na kuutupa nje huondoka pamoja na nitrati na fosfati ulizokwisha kula. Zima pampu, ng'oa kwa vidole, sugua mawe kwa mswaki mpya, na huku ukisugua fyonza kwa mpira ili vipande visisambae. Nusu saa kila wiki ya kazi hii hufanya ambalo chupa haiwezi kulifanya, kwa kuwa chupa huua mwani na kuuacha humo humo.

Anayetaka kuweka giza la siku tatu, yaani kuzima taa na kulifunika tangi kwa nguo nzito, afanye hivyo baada ya kung'oa kwanza, na ahakikishe hewa inaingia majini muda wote. Matumbawe yenye afya kwa kawaida huvumilia siku hizo. Asianze katika wiki ambayo umeme unakatika mara kwa mara. Mwani unaooza na pampu zilizosimama kwa saa kadhaa vinatosha kuwamaliza samaki wote. Pampu ya hewa inayotumia betri si ghali, na inafaa kuwapo katika kila nyumba yenye tangi, uwe una mwani au huna.

Wanyama wanaouzwa kama dawa

Konokono, kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe na samaki walao majani huuzwa kwa jina la wasafishaji. Ni msaada mzuri kwa mwani mfupi na mchanga. Mwani uliokwisha kuwa mrefu wengi wao hawaugusi, hivyo fyeka kwanza, kisha waachie machipukizi. Usinunue konokono hamsini kwa mkupuo kwa sababu muuzaji ana kanuni ya idadi kwa lita; chakula kikiisha hufa kwa njaa, huoza, na huwa mbolea ya mwani ule ule. Kangaja ni mlaji hodari, lakini ni samaki wa kuogelea masafa marefu, na katika tangi la lita 100 huishi kwa dhiki na huugua upesi.

Kuhusu chupa zenyewe

Dawa nyingi za kuua mwani zilitengenezwa kwa mabwawa ya kuogelea au matangi ya maji baridi, na nyingi zina shaba. Shaba huua konokono, kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo sana, na mawe ya chokaa huifyonza na kubaki nayo. Ukiona shaba au salfati ya shaba katika orodha ya viambato, irudishe chupa kwenye rafu. Ukiona hakuna orodha ya viambato kabisa, irudishe upesi zaidi.

Dawa nyingine zinazopendekezwa kaunta kwa kaunta ni za binadamu. Kwa utando mwekundu mtu huambiwa atie erithromaisini; kwa mwani wa manyoya huambiwa fulukonazoli, ambayo ni dawa ya fangasi. Erithromaisini ni antibiotiki, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Kuimimina katika maji yaliyojaa bakteria, kisha kuyamwaga maji hayo kwenye mfereji, ni kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa ambayo mtoto mgonjwa anaweza kuihitaji kesho. Isitoshe, bakteria wanaosafisha amonia ndani ya tangi nao wanaweza kuuawa. Hatuoni sababu ya kuhatarisha hayo kwa ajili ya utando unaoondolewa kwa mpira na pampu.

Chembechembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati ziko kundi jingine. Zinafanya kazi ya kweli, na zina mahali pake pale ambapo maji ni safi, ulishaji ni wa kiasi, na fosfati bado iko juu. Anza na robo ya kipimo kilichoandikwa, pima kila baada ya siku mbili, na usiishushe fosfati kwa ghafula, kwani matumbawe hupauka kwa mabadiliko ya haraka hata yakiwa ni mabadiliko mema.

Kabla ya kulipia chupa yoyote, muulize muuzaji kwa utulivu: ina nini ndani, inaua au inaondoa, na itawafanya nini konokono na matumbawe. Anayeijua bidhaa yake hatachukia kuulizwa.

Mikono, nyumba na bahari

Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vitufe au maua madogo yaliyosongamana, ya jamii za Palythoa na Zoanthus, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika maumbile. Wakati wa kusugua mwani kwenye mawe yao, sumu inaweza kuingia katika jeraha au kuruka machoni. Hatari kubwa zaidi ni joto. Kamwe usichemshe jiwe la tangi, usilimwagie maji ya moto, wala usilisafishe kwa mvuke, kwa kuwa sumu huenea hewani nyumba nzima. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima pamoja na wazimamoto walioitikia wito walipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya tangini kusafishwa. Vaa glavu na miwani, fanya kazi jiwe likiwa majini, waondoe watoto chumbani. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au shida ya kupumua, toka nje, nenda hospitali, na umwambie daktari ulikuwa unashughulikia matumbawe.

Mwani ulioung'oa uanike juani mpaka ukauke, kisha utupwe pamoja na taka. Usiutupe baharini, mtoni wala katika mtaro. Mwaka 1984 mwani wa Caulerpa taxifolia, wa aina iliyokuwa ikifugwa katika matangi, ulionekana baharini mbele ya jumba la makumbusho la bahari la Monaco, na baada ya hapo ulienea katika pwani za Mediteranea. Ulipogunduliwa California mwaka 2000, ulipigwa vita kwa miaka sita kabla ya kutangazwa kuwa umetokomezwa. Pwani yetu ina mwani wake wa asili, lakini matangi yetu yana viumbe kutoka bahari nyingi.

Vivyo hivyo, usijaribu kubadilisha mawe yenye mwani kwa kuchukua mengine mwambani. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na kuchukua matumbawe humo ni kosa kisheria. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, hivyo yanayotoka nje ya nchi huhitaji vibali. Muuzaji halali anavyo, na mnunuzi ana haki ya kuomba kuviona.

Ukiwa na malalamiko

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Chupa iliyoandikwa kuwa ni salama kwa matumbawe huku ikiwa na shaba, au maji ya dumu yanayouzwa kuwa yamechujwa ilhali hayakuchujwa, ni mambo ya kulalamikiwa. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukieleza ulichonunua, lini, ulichoambiwa na kilichotokea. Ambatisha risiti ya kielektroniki. Asiyedai risiti wakati wa kununua huwa na kazi ngumu baadaye. Piga picha za lebo pande zote, zikionyesha namba ya toleo na tarehe, pamoja na picha za tangi kabla na baada ya kutumia bidhaa. Ikiwa ulikuwa ukiandika vipimo vya maji katika daftari, nakili kurasa husika, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa ni hali ya maji ilivyokuwa siku moja kabla. Dawa iliyosalia usiimwage wala usimrudishie muuzaji yote. Ifunge vizuri katika chupa yake na uihifadhi mbali na watoto mpaka shauri limalizike.